Hela ya kikoba iliyokataa kubaki chenji

Mimi ndo mweka hazina wa kikoba chetu hapa Nkuhungu, Dodoma. Siku ya kuvunja, mikopo ikiwa imerudi na makato ya simu yameshakula chake, ikabaki 720,720 kwenye laini. Orodha ilikua na watu 13, nikagawa, 55,440 kila mtu bila hata nukta, nikajua nimelala mapema leo.

Wapi. Mwenyekiti akasema wawili wana faini watolewe, tukawa 11, ikaja 65,520. Mmoja akalipa faini akarudishwa, 12, ikaja 60,060. Mara wale waliojiunga katikati nao wana haki yao, tukafika 14, ikaja 51,480, hapo nikaanza kuhisi simu ina matatizo maana hela ya kikoba siku zote inabaki shilingi mbili tatu za kugombania.

Jioni nikamuita mpwa wangu yuko form two, tumekaa nje na upepo wetu huu wa Dodoma, daftari tumelikandamiza na bakuli la karanga. Mimi nikaanza kugawa kwa 2, tena kwa 2, kama tulivyochapwa shuleni. Yeye ananiangalia tu, akasema, "Anko, si 720 imeandikwa mara mbili hiyo?"

Jamani! Namba ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili umeizidisha kwa 1,001, jaribu hata 345,345 utaona, na 1,001 yenyewe ni 7 mara 11 mara 13. Ile 720 ikavunjika kirahisi, 2 ziko nne, 3 mbili, 5 moja. Basi vigawo vya 720,720, yaani namba zinazoigawa bila kubaki kitu, huhitaji kuviandika, unahesabu tu njia za kuchagua: 2 unaweza kuacha au kuchukua mpaka nne, hizo njia 5, 3 ina njia 3, halafu 5, 7, 11 na 13 kila moja njia 2, unazidisha zote unapata 240. Mimi mbishi nikataka kuviandika vyote, karanga zikaisha kabla.

Baadae nikasoma kwamba hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye vigawo 240, na kwamba Ramanujan, yule mwanahisabati Mhindi, aliziandikia namba za ukoo huu, zenye vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo ndogo kwake, mwaka 1915. Na ndo KDS ya 1 mpaka 16, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote hizo, ile KDS tuliyokua tunaiona ya mitihani tu, kwahiyo kikoba chenye watu wowote mpaka 16 kisingebakiza kitu.

Kesho yake tukafika 16 kweli, 45,045. Nikiwa nataka kuanza kutuma akatokea mama muuza zabibu alikua Kondoa kwenye msiba, wa 17. Kabla sijabonyeza nikawaambia hapa sasa inabaki, 17 haimo. Ikaja 42,395 na shilingi 5 juu.

Mwenyekiti akauliza hiyo shilingi tano anakaa nayo nani.