Bamvua na bosoni ya Z

Wazo kwamba kani za msingi zimezaliwa na rezonansi (mwitikio unaokua ghafla masafa au nishati ikilingana) linavutia, ila linageuza mambo juu chini. Katika nadharia iliyothibitishwa, kani ya sumakuumeme na kani dhaifu (ile inayovunja baadhi ya chembe na viini vya atomu) zinatokana na ulinganifu wa milinganyo yenyewe. Rezonansi ni mtego wa kuzinasia chembe zinazobeba kani hizo, na hakuna ulionasa vizuri kuliko ule wa bosoni ya Z, mbebaji wa kani dhaifu.

Kuanzia 1989 mtambo wa LEP wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, pete ya karibu kilomita 27 chini ya ardhi jirani na Geneva, uligonganisha elektroni na positroni, pacha wao wenye chaji chanya. Unaanza na nishati ya GeV 88 (GeV ni elektronivolti bilioni moja, kipimo cha nishati ya chembe), unahesabu migongano iliyozaa chembe, unapandisha kidogo, unahesabu tena, mpaka GeV 94. Ikifika 91.19 hesabu inaruka, kama waya wa udi unaovuma wenyewe jirani yake akipigwa kwa sauti ileile. Hilo ndilo tungamo la Z, likipimwa kwa nishati.

Utamu, kwangu, uko kwenye upana wa kilele hicho cha hesabu. Ni GeV 2.495, maana yake Z huishi kama sekunde 2.6 × 10⁻²⁵. Kila njia ya kuvunjika huongeza upana, hata isiyoonekana: kila aina ya nyutrino, chembe nyepesi mno zinazopita bila kunaswa na vipimo, huongeza takriban GeV 0.167. Hesabu ikatoa aina 3. Ingekuwepo ya nne iliyo nyepesi, kilele kingetanuka na kufupika waziwazi.

Tatizo likawa kwenye nishati yenyewe ya chembe za LEP: ilipanda na kushuka kwa kama MeV 10 (elektronivolti milioni 10) bila mtu kugusa kitu. Wachokoa pweza wa Jambiani, Zanzibar, hupanga siku zao kwa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizohizo Mwezi na Jua huvuta pia miamba kwa nguvu zaidi, na pete ya LEP ikirefuka na kufupika kama milimita 1. Masafa ya redio yanayosukuma chembe hayabadiliki, basi urefu wa njia yao haubadiliki pia. Pete ikitanuka, chembe hupita upande wa ndani wa kitovu cha sumaku za kulenga, na nishati hushuka. Badiliko dogo la urefu hukuzwa zaidi ya mara 5,000, ndiyo maana milimita haikusameheka.

Mwezi ulipokwisha kusahihishwa, zikaja treni. Umeme uliovuja kwenye reli ulipita kwenye bomba la chembe na kupandisha uga wa sumaku kidogo kidogo. Usiku wa manane, treni zikisimama, mtikisiko huo wa uga ulitulia.