Vevey mpaka Geneva, kumfuata Ansermet

Mimi nimekulia kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisa kule Moshi, na jina la Ernest Ansermet, kiongozi wa okestra wa Uswisi, nililikuta kwenye kava la santuri ya zamani ya kampuni ya Decca nikiwa bado kijana, tangu hapo nikawa nasema iko siku nitaenda kuona alikotokea. Mwaka jana mwezi wa kumi nikawa Geneva kwa ndugu yangu, basi asubuhi moja nikapanda treni ya Vevey, ni kama saa moja hivi, kaa upande wa kulia uone ziwa. Ukishapita Lausanne yanaanza mashamba ya mizabibu ya Lavaux, matuta juu ya matuta yamezuiwa na kuta za mawe mpaka karibu na maji, nikaikumbuka Lushoto kabisa.

Vevey ni mji mdogo. Watu wengi wanajazana kupiga picha na sanamu ya Charlie Chaplin pale ufukweni, mimi nikakaa kwenye benchi natazama milima ng'ambo. Hapa ndo alizaliwa Ansermet mwaka 1883, na hakuanza na muziki, alisoma hesabu akawa mwalimu wa hesabu Lausanne, halafu akaziacha namba akaenda kusimama mbele ya okestra. Kuanzia 1915 akawa anawaongozea muziki Ballets Russes, kundi la dansi la Mrusi Diaghilev, na kuzunguka nao mpaka Marekani.

Sasa huko Marekani ndo kuna jambo linalonigusa. Alirudi na makaratasi ya muziki wa watu weusi, ragitaimu na jazi, akampa rafiki yake Stravinsky, mtunzi wa muziki kutoka Urusi, aliyekuwa anaishi Morges, hapo hapo pembeni ya ziwa. Nikashuka Lausanne nikautafute ukumbi wa tamthilia ambako tarehe 28 Septemba 1918 Ansermet aliongoza kwa mara ya kwanza L'Histoire du soldat, hadithi ya askari aliyoitungia muziki Stravinsky, wapigaji saba tu, na ndani yake ragitaimu unaisikia wazi. Walipanga kuzunguka nayo miji mingine, mafua makali ya mwaka ule yakavuruga kila kitu. Nilisimama nje mvua inanyesha, mlango umefungwa, lakini sikuona nimepoteza safari hata kidogo.

Mwaka uliofuata, 1919, akawa London, akaenda kuisikiliza bendi ya Will Marion Cook, Southern Syncopated Orchestra, wanamuziki weusi, wengi wao Wamarekani. Akarudi tena na tena, halafu akaandika makala ndefu kwenye jarida la Uswisi akimsifu kijana mmoja wa klarineti, Sidney Bechet, umri miaka 22, akamwita msanii wa kipaji cha ajabu na akaona kwamba njia ile huenda dunia nzima itaifuata kesho. Wakati ule wazungu wengi waliuchukulia muziki ule kama kelele za kuchekesha watu, huyu akakaa chini akaandika namna midundo inavyosogezwa na kijana anavyoipinda sauti. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko tuzo yoyote.

Usiku nikaingia Victoria Hall, Geneva, ukumbi uliofunguliwa 1894, kila mahali dhahabu dhahabu na kinanda kikubwa cha mabomba mbele. Okestra ni ile ile aliyoianzisha mwenyewe 1918, Orchestre de la Suisse Romande, akaiongoza mpaka 1967, miaka 49! Walipiga muziki wa Debussy, mtunzi wa Ufaransa. Nilikaa karibu, nikamwona mpiga tarumbeta anafungua kile kivalvu kidogo anamwaga maji ya pumzi chini taratibu bila mtu kujua, vile vile tunavyofanya kwetu kanisani wakati mchungaji anasoma matangazo, machozi yakanilenga. Ansermet mwenyewe alitunga kazi chache, lakini Six épigraphes antiques za Debussy, zilizokuwa za piano, ni yeye aliyezipanga zipigwe na okestra, na ukizisikiliza utajua ana sikio gani.

Kesho yake kabla ya kwenda eapoti nikatembea mpaka Quai Ernest-Ansermet, barabara yenye jina lake kando ya mto Arve, maji ya kijivu yanakimbia kutoka kwenye barafu za Mont Blanc. Upande mmoja ni majengo ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Geneva, wanafunzi wanaingia na mabegi mgongoni kwenda kusoma, hesabu zikiwemo. Nikavaa spika za masikioni, nikamweka Bechet, nikatembea barabara yote mpaka mwisho.