Nilichagua chumba kwa picha, maji sikuuliza

Nimerudi jana jioni na begi bado liko mlangoni halijafunguliwa, mchanga umemwagika mpaka kwenye zulia, kesho kazini saa mbili, na badala ya kulala nimekaa hapa naandika maana nikisubiri wikiendi nitakuwa nimeshasahau nusu.

Tulienda Unguja, mimi na mdogo wangu, usiku tatu. Nilimuahidi siku nyingi kwamba akimaliza chuo tutaenda tukakae baharini kama watalii, na kamaliza kweli, kwahiyo ahadi ikawa deni. Mimi naishi Dar miaka yote hii na Zanzibar nilikuwa nimefika mara moja tu, harusini, tukalala Michenzani siku mbili tukala biriani tukarudi, bahari niliiona kwenye boti. Ukiwaambia watu hivyo wanacheka.

Bajeti ilikuwa laki tano kwa watu wawili, kila kitu humo humo, na boti kwenda na kurudi ilishakula zaidi ya laki kabla hatujanunua hata maji ya kunywa. Sasa hapo ndo anza kutafuta chumba. Wiki mbili nzima kila usiku nipo kwenye simu, skrinshoti juu ya skrinshoti, mdogo wangu naye ananitumia za kwake saa sita za usiku, dada umeona hii, dada hii ina swimingi puli. Tulianzia Nungwi na Kendwa kama kila mtu, tukakimbizwa na bei. Tukashuka Paje, pale kuna vijana wengi na wale wa kuruka na vishada juu ya maji, vyumba vya bei nafuu vipo ila vingi vya kulala watu sita sita na mimi kwa umri wangu kitanda cha juu nimeshaachana nacho. Tukateremka kidogo tena kusini, Jambiani. Na Jambiani ghafla vitu vikawa vya kibinadamu. Chumba cha watu wawili, feni, chandarua, chai ya asubuhi, na kwenye picha bahari ya bluu imefika mpaka kwenye ngazi za kibaraza. Puli hakuna. Mdogo wangu akanuna kidogo nikamwambia, mama, sisi tunaenda baharini, puli ya nini, puli si hata Sinza hapa Dar zipo.

Kumbukeni hiyo sentensi.

Kwenye mtandao walikuwa wanataka dola 38 kwa usiku. Nikatafuta namba yao nikapiga, akapokea mama mmoja, salamu kwanza ndefu ya Kizanzibari, hujambo, habari za huko, wazima nyote, mpaka nikasahau nilichopigia, halafu akauliza tu, nyinyi wa Bara? Nikasema ndio, tunatoka Dar. Akasema basi elfu sitini na tano, na chai ndani yake. Sikubembeleza wala nini. Kuna sehemu nyingine nilipiga wakaniambia kwa Kiingereza kwamba bei ni hiyo hiyo ya dola kwa wote, nikajibu kwa Kiswahili, wakarudia kwa Kiingereza. Haya. Kwahiyo kama una simu na una mdomo, piga, hiyo ya kubonyeza bonyeza inalipisha na wa katikati.

Tarehe nilichagua mwenyewe na nilijiona mjanja sana. Nilifungua kalenda nikatafuta mwezi mpevu, maana nilishajichora akilini tumekaa kibarazani usiku, mbalamwezi juu ya maji, upepo, juisi ya ukwaju. Na Novemba vyumba havijapanda bei bado, Disemba ikiingia ndo wanapandisha. Mvua za vuli nilijua zinaweza kunyesha, nikasema zikinyesha tutalala.

Tulipofika mjini tukapanda gari namba 309, ile ya Jambiani, tumekaa na magunia ya mchele na madumu na mzee mmoja aliyebeba feni mpya kwenye boksi kaipakata kama mtoto. Unapita msitu wa Jozani, kuna vibao vya kima punju barabarani ili madereva wapunguze mwendo, dereva wetu sijui kama alivisoma. Tukashushwa karibu kabisa na nyumba. Ilikuwa saa tisa na kitu alasiri na wallahi picha hazikudanganya, maji yamejaa, bluu ile ambayo ukiiona kwenye simu unasema hii wameitia rangi, mawimbi yanagonga ukuta wa chini ya kibaraza. Mdogo wangu alipiga kelele. Mimi nilikuwa hoi, boti ilinichafua tumbo, nikamwambia tupumzike, tutaoga kesho asubuhi na mapema, bahari ipo tu haiendi popote.

Asubuhi saa tatu tumevaa nguo za kuogelea na khanga juu, tumepaka mafuta, tumetoka. Bahari haipo.

Sitanii, haipo. Mchanga mweupe mpaka macho yanapoishia, majani majani, vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka, na kule mbali sana, zaidi ya kilometa naamini, kuna mstari mweupe wa mawimbi yanapiga mwamba. Kuna mtu anaendesha baiskeli mahali ambapo jana palikuwa na maji ya kumfika kifuani. Mdogo wangu ananiangalia mimi kana kwamba nimeyanywa.

Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia uwanja. Nikamuuliza, mama, maji vipi? Akacheka mpaka akaegemea ufagio. "Mwezi kumi na nne huu mwanangu. Bamvua. Bamvua maji hukupwa saa nne, hujaa saa kumi, ndivyo yalivyo siku zote. Kwani hukuuliza?"

Nilikuwa sijauliza. Niliuliza wifi, niliuliza kama chai ina mayai, niliuliza kama mlango una funguo mbili. Maji sikuuliza, nani anauliza maji anapokwenda baharini.

Basi tukakaa pale kwenye kigoda akatufundisha, na mimi naliandika hapa kwa sababu sijawahi kuona mtu yeyote kaliandika kwenye zile riviu zao za nyota nne. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu bahari inavutwa sana, inajaa sana na inakauka sana, tofauti ya juu na chini inakaribia mita nne, hiyo ndo bamvua. Na kwa upande wetu huu wa pwani, siku za bamvua kukauka kunaangukia saa nne saa tano asubuhi, na usiku tena hivyo hivyo, na kujaa ni saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Kila siku inasogea mbele karibu saa nzima. Kwahiyo wiki moja baadae, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, saa nne asubuhi maji yapo, na hata yakitoka hayatoki mbali, hayo wanaita maji mafu. Yani mimi nilifungua kalenda, nikatafuta kwa makusudi siku ambazo asubuhi bahari inahama, nikalipia na advansi.

Mbalamwezi nayo. Usiku saa nne tumekaa kibarazani na juisi yetu ya ukwaju kama nilivyopanga, mwezi huo mkubwa kama sinia, na chini yake matope matupu yanang'aa na kaa wanakimbia. Ni kuzuri kwakweli, sitasema uongo. Lakini mdogo wangu alicheka mpaka ukwaju ukampalia.

Kitu kilichonijia pale, na nimekizunguka kichwani siku zote tatu, ni kwamba ile ramani ya bei niliyokuwa nailaani kwenye simu ilikuwa inaniambia habari ya maji na mimi sijui kusoma. Nungwi na Kendwa ni ghali kwa nini? Nilidhani ni jina tu, ni Wazungu wamepazoea. Kumbe kaskazini kule maji hayatoki mbali, unaoga karibu saa yoyote, na hiyo ndo wanayouza. Huku mashariki kuna kina kifupi ndani ya mwamba, maji yakitoka yametoka. Na hoteli za huku zenye puli ni ghali kuliko zisizo na puli kwa sababu hiyo hiyo, puli siyo mbwembwe, puli ni bahari ya kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Sinza zipo! Mdogo wangu hajanisamehe hiyo na sitegemei anisamehe karibuni.

Siku ya pili tukaacha kunung'unika tukaingia kule kule ambako bahari ilikuwa. Mama alitulazimisha tuvae viatu, raba kuu kuu zake alizoweka pembeni kwa ajili ya wageni, kwa sababu ya wale wadudu weusi wa baharini wenye miba, ukimkanyaga mmoja likizo imeishia hapo, watakupaka utomvu wa papai na utachechemea mpaka bandarini. Tukatembea nusu saa hivi tukawakuta kina mama wa mwani. Mistari ya vijiti vimechomekwa mchangani, kamba zimefungwa toka kijiti mpaka kijiti, na kwenye kamba vishada vya mwani vimening'inia vimefungwa na vikamba vidogo wanaviita taitai. Kuna mmoja alikuwa amekaa ndani ya maji yanayomfika kiunoni, nguo zote mwilini, mtandio, soksi mguuni, anafunga. Vidole vyake vimekunjamana vyeupe kama vya mtu aliyefua siku nzima. Anachukua kipande, anakizungushia taitai, fundo, anasogea, kipande, fundo, anasogea, na huku anatusimulia bila kutazama kamba. Kilimo hiki kilianza hapa Jambiani na Paje mwaka 1989. Akasema zamani walipanda ule mnene wenye bei nzuri, siku hizi maji ya moto unakufa, wamebaki na mwembamba ambao bei yake ndogo. Mdogo wangu akamuuliza, samahani bibi, mnapumzika saa ngapi? Akasema, yakija maji. Bamvua ndo siku zao za kazi, kwahiyo zile siku nilizokuwa nazilaani mimi, wao wanazihesabu.

Turudi kwenye chumba maana ndo nilichotaka kusema tangu mwanzo. Kilikuwa safi. Paa la makuti, usiku mijusi inatembea juu unasikia, sijali. Feni ilitosha kwa sababu upepo wa bahari unaingia, ila umeme ulikatika usiku wa kwanza kwa muda wa saa mbili hivi na hapo joto ukalijua. Maji ya bafuni ni ya chumvi chumvi, sabuni haitoi povu, nywele zangu zimekuwa ufagio, na hilo ni la nyumba nyingi za ufukweni kule siyo kosa la mama. Sehemu moja ya jirani tulikwenda kuchungulia, ile iliyokuwa kwenye skrinshoti zangu namba mbili kwa bei hiyo hiyo, picha zilikuwa za zamani sana, kibaraza kilichokuwa kwenye picha kimeshaliwa na maji kabisa. Nikashukuru.

Kilichotumaliza ni chakula. Mgahawa wa kwanza ufukweni, sahani ya pweza na chipsi na soda mbili, elfu hamsini na saba imekwenda, nikawa kimya njia nzima. Kesho yake tukaingia ndani ya kijiji, nyuma ya barabara, tukapata chapati, maharage ya nazi na samaki wa kukaanga tukala watu wawili kwa elfu tisa. Na mama wa nyumbani ukimwambia asubuhi atakupikia jioni, wali wa nazi na mchuzi wa changu, kwa bei ya soda za kule mbele. Ukikaa nyumba isiyo na mgahawa wake unadhani umepungukiwa, kumbe umeokoka. Halafu vaeni vizuri mkiingia kijijini jamani, watu wanaishi pale, khanga haina uzito kwenye begi.

Kuoga tulioga. Kila siku kuanzia saa nane na nusu, maji yakija yanakuja haraka kama yameitwa, unaona kabisa yanatambaa juu ya mchanga wa moto na yenyewe yanakuwa ya uvuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Saa kumi tumeingia, saa kumi na mbili unatolewa na adhana. Asubuhi tulilala. Sijui mara ya mwisho kulala mpaka saa tatu siku mbili mfululizo ilikuwa lini, labda kabla sijaajiriwa.

Hesabu ya mwisho tumezidisha elfu thelathini na nane, nyingi ni za yule pweza.

Leo mchana mama amenitumia meseji, nikadhani tumesahau kitu chumbani. Kanitumia ratiba, kaiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari akaipiga picha, mwezi wa pili wote, tarehe na saa za maji kujaa, na siku nne kazizungushia kalamu nyekundu. Chini kaandika, hizi maji saa nne asubuhi yapo, hayafiki ukutani lakini yapo, chumba nimekushikia mpaka Ijumaa. Nimemtumia mdogo wangu. Kajibu neno moja tu, puli?