Mwezi wa tisa, mashosti

Miguu imevimba mpaka ndala za mume wangu ndizo zinanienea. Usiku ni kugeukageuka tu, na kiungulia juu. Mkoba wa leba uko tayari mlangoni: kanga, pamba, glavu, kadi ya kliniki. Mama mkwe keshaleta pilipili manga ya uji wa uzazi, mtoto hata hajatoka!

Bosi alitaka nifanye kazi mpaka uchungu unikute ofisini. Nikampelekea barua na cheti cha daktari: sheria ya Tanzania inaruhusu kuanza likizo wiki 4 kabla. Siku 84 zenye malipo, 100 ukipata mapacha. Baba mtoto siku 3 tu, jamani, hata kitovu hakijadondoka!

Mliojifungua karibuni, uchungu wa kweli mliujuaje?