Nilivyofuatilia nani anatumia data yangu ya maharage

Jedwali la mavuno ya maharage ya Mbozi na Rungwe niliweka Zenodo, hazina ya data ya mtandaoni, likapata DOI, yaani namba ya kudumu ya kulitambulisha. Hilo ni suala la dakika chache. Kujua limemfaa nani ndiko kwenye kibarua.

Idadi ya waliopakua isikupe kiburi. Kanuni ya COUNTER, kiwango cha kuhesabu matumizi ya machapisho na data mtandaoni, huhesabu mibofyo miwili ya mtu mmoja ndani ya sekunde 30 kama mmoja, na roboti zinazojulikana huondolewa. Lakini mwalimu akiwaagiza wanafunzi 40 wapakue, zinasomeka 40 hata kama faili halikufunguliwa.

Ninachokitafuta ni kunukuliwa. DataCite Commons, tovuti ya kutafuta kazi zenye DOI na nukuu zake, hutegemea nukuu zilizosajiliwa, kwa mfano zile ambazo wachapishaji wamezisajili pamoja na orodha ya marejeo. Wengi hutaja data ndani ya sehemu ya mbinu au kwenye shukrani, basi kihesabio kinaweza kubaki sifuri. Kwa hiyo naingia Google Scholar na Europe PMC (maktaba ya mtandaoni ya makala za sayansi ya viumbe), ambako makala nyingi hupekuliwa maneno yote, naandika kipande cha mwisho cha DOI ndani ya alama za kunukuu, kuanzia neno zenodo na namba zake. Sianzi na https, maana wapo wanaoandika anwani ya zamani ya DOI yenye dx (dx.doi.org). Kisha natafuta kwa jina la jedwali, kwani PDF nyingine hukata DOI katikati ya mstari.

Kumbuka Zenodo hutoa DOI ya kila toleo na nyingine ya matoleo yote. Niliposahihisha safu ya uzito (kilo kwa ekari zilichanganyika na kilo kwa hekta) likazaliwa toleo la pili, na nukuu zikagawanyika. Sasa natafuta DOI zote tatu.

Kosa langu kubwa: niliandika namna ya kunukuu kwenye mstari wa kwanza wa CSV, yaani faili la jedwali lenyewe. Programu ya takwimu ya R iliuchukua kama vichwa vya safu, watu wakaufuta, na jina la jedwali likaenda nao. Maelezo hayo sasa yako kwenye faili la README, sentensi nzima ya kunakili na kubandika.

Ninayoyapata naandika kwa makundi: iliyochambuliwa upya, iliyotajwa tu, na niliyojinukuu mwenyewe. Hayajumlishwi. Kundi la nne halina DOI: afisa ugani wa kata anayelitumia jedwali kushauri mbegu haandiki makala, huyo namuuliza WhatsApp na kuandika tarehe aliyojibu.