Cape Point: taa iliyowekwa juu mno

Ndugu zangu wa Kigoma mnaokuja Cape Town, tengeni siku nzima kwa ajili ya rasi ya Cape Point. Ni zaidi ya saa moja kwa gari kutoka mjini, ndani ya hifadhi yenye kiingilio, na ina minara miwili ya taa. Wageni wengi hupanda hadi mnara wa juu, wakapiga picha, wakashuka. Huo ndio uliostaafishwa, na sababu yake mvuvi wa Katonga au Kibirizi ataielewa haraka kuliko mtu mwingine.

Uliwashwa mwaka 1860. Ni mnara mfupi wa chuma, lakini umesimama kileleni, mita 238 juu ya bahari. Ilidhaniwa kwamba taa ikiwa juu itaonekana mbali, na kweli ilionekana, mbingu zikiwa safi. Shida ni kwamba upepo wenye unyevu ukitoka baharini hugonga jabali, hupanda, hupoa, kisha hugeuka wingu na kukaa palepale kileleni. Huko chini juu ya maji kunaweza kuwa kweupe kabisa. Fikiria wavuvi wa dagaa wanaorudi alfajiri, karabai ya kuwaongoza imetundikwa juu ya milima ya Gombe na milima yenyewe imefunikwa. Taa inawaka, ila haimfai aliye majini.

Hata usiku usio na wingu ilileta hatari. Meli zilizotoka magharibi ziliiona mapema mno, zikaikaribia rasi kupita kiasi, na mbele ya rasi kuna mwamba wa Bellows. Tarehe 18 Aprili 1911 meli ya abiria ya Ureno, Lusitania, iligonga mwamba huo (si ile Lusitania ya Uingereza iliyozamishwa mwaka 1915). Ndipo taa ikashushwa. Mnara mpya uliwashwa mwaka 1919, mita 87 tu juu ya bahari, na ndio unaofanya kazi hadi leo.

Kupanda kwenyewe si kazi kubwa. Kuna kigari cha relini kinachovutwa kwa kamba ya chuma, lakini hakifiki mnarani. Ngazi za mwisho utazipanda kwa miguu, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu aambiwe mapema. Kuuona mnara mpya, fuata njia nyembamba inayokwenda kwenye ncha ya rasi. Vaa viatu vya kufunga na koti la upepo, hata Desemba, maana kiangazi cha huku ndicho chenye upepo mkali wa kusini-mashariki. Kofia isiyo na kamba itaishia baharini.

Nyani wa hapa msiwachukulie kama wale mliowazoea Gombe. Hawa wanajua kufungua mlango wa gari. Funga milango kwa ufunguo, na chakula kisionekane mkononi wala kwenye mfuko wa plastiki.

Mtaambiwa pia kwamba hapo ndipo bahari ya Hindi na Atlantiki zinapokutana. Mpaka unaotambulika rasmi uko Cape Agulhas, yapata kilomita 150 kusini-mashariki.

Kabla ya kuanza kupanda, ulizia getini saa ya kufunga. Majira ya baridi hufungwa mapema kuliko kiangazi.