Kwani usiku hauna saa?

Tangu Jumanne usingizi umenikataa, na si kwa ajili ya posa ya dada. Hiyo ilienda salama, wazee walielewana kabla pilau haijapoa. Kinachonikosesha usingizi ni sentensi moja ya mzee wa geti.

Ndiye aliyewahi kunihifadhi kibandani siku moja ya mvua ya mawe. Analinda jengo la ofisi yetu hapa Westlands, Nairobi, usiku, lakini mwajiri wake ni kampuni ile ile niliyoitengenezea programu ya mahudhurio, ile niliyowaandikia kwa furaha ilipoanza kutumika katikati ya mwezi uliopita. Jumanne nikitoka kazini, saa moja na nusu hivi, alinisimamisha. Kofia ameivua, ameishika mkononi. Akakunjua karatasi ya mshahara na kuweka kidole kwenye mstari mmoja: zamu 14, saa 0.

"Mwanangu, hii inasema sikuja."

"Hapana mzee, zamu zako hizi hapa, 14."

"Zamu ziko. Saa ndizo hazipo." Akanyamaza kidogo. "Kwani usiku hauna saa?"

Nikamjibu, "Nitaangalia, mzee," nikakimbilia matatu ya Kangemi iliyokuwa ikijaza.

Nitaangalia. Hilo ni neno la karani anayetaka uondoke dirishani. Angenifokea ningepata la kushika, lakini aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, kama vile huenda sisi watu wa kompyuta tuna habari kuhusu usiku ambayo yeye hajaipata. Waiyaki Way nzima nilikuwa nikitunga majibu mengine. Ningesema, pole mzee. Ningesema, nipe hiyo karatasi niipige picha. Posho ya usiku huhesabiwa kwa saa, na sifuri hata ukiizidisha na nini hubaki sifuri. Hayo aliyajua. Ndiyo maana alinisubiri.

Nyumbani nikafungua leptopu kabla ya kula. Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa saa yenyewe. Katika daftari la getini mzee huandika tunavyosema sote: kuingia saa 12, kutoka saa 12. Nikawaza, karani ameingiza 12 na 12 vilevile, na 12 ukitoa 12 hakuna kitu. Nilitamani sana iwe hivyo. Lakini karani alikuwa amebadilisha sawasawa, 18:00:00 na 06:00:00, kila siku, bila kukosea hata mara moja.

Kosa lilikuwa langu. Katika jedwali nilihifadhi saa bila tarehe. Ukiiambia MySQL, databesi ninayotumia, ikupe TIMEDIFF('06:00:00', '18:00:00'), yaani saa ya kwanza kutoa ya pili, inajibu -12:00:00, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba hiyo 06:00 ni ya kesho yake. Hata hapo ningeiona alama ya kutoa nikashtuka. Ila ndani ya skripti ya PHP, lugha niliyoandikia programu yenyewe, nilikuwa nimeongeza sharti: jibu likishuka chini ya sifuri, andika sifuri. Nakumbuka nikiliandika. Majaribio yangu yote yalikuwa ya zamu ya mchana, nikachukulia kwamba jibu hasi ni karani kakosea kuchapa. Yaani watu wanaofanya kazi tukiwa tumelala sikuwawazia kabisa, na mfumo wenyewe ni wa walinzi.

Nikabadilisha safu zote mbili ziwe na tarehe na saa pamoja. Mwenzangu wa dawati la pili akanishauri kwa simu nitoe tu moja kwa nyingine. Nilijaribu kwa saa za siku moja, 10:05 kutoa 09:55, jibu likaja 5000. Databesi iliunganisha tarakimu za tarehe na saa zikawa namba moja ndefu, kisha ikatoa kama hesabu ya darasani. Dakika 10 zinaonekana kama 50, na ukiwa na haraka unaziamini. Hiyo nimeiogopa kuliko ile sifuri, maana sifuri mzee aliiona.

Mwishowe nikaandika TIMESTAMPDIFF(MINUTE, kuingia, kutoka), yaani hesabu dakika tangu kuingia hadi kutoka, nikabonyeza. 720.

Nilimwita dada kutoka jikoni aje aione. Akaja na mikono ya unga. "720 ni nini?"

"Ni usiku mmoja wa mzee."

Akasoma tena, akasema, "Ni mrefu." Kisha akarudi kwenye chapati zake, nami nikabaki nikiitazama ile namba kwa furaha ambayo sijaisikia kazini tangu mwaka uanze. Usiku 14, saa 168, zote zimerudi.

Alhamisi niliwahi asubuhi kabla hajatoka zamu, nikamweleza, nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atauliza lini atalipwa. Akauliza, "Na wale wa geti la nyuma?"

Sikuwa nimewafikiria. Nilipanda juu mbio nikaiuliza databesi kila rekodi ambayo saa ya kutoka ni ndogo kuliko ya kuingia. Watu 23, katika majengo ambayo sijawahi kuyakanyaga. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mmoja. Nimeipelekea kampuni orodha yote pamoja na saa zao, wamekubali kuzilipa na mshahara wa mwezi huu, nami nimeomba wayaandike hayo kwa barua pepe. Barua haijafika.

Leo asubuhi nikienda kununua maziwa nimekuta ukuta wa ploti ya jirani umechorwa X nyekundu, kama ile ya nyumba za kubomolewa, rangi bado mbichi. Hakuna aliyemwona mchoraji. Mama mwenye duka anasema huenda ni ya barabara, huenda ni watoto. Kati ya ukuta ule na wetu kuna mtaro tu.